Pesa Nimesamehe, Picha Bado

Siku tuliyomzika Swahiba, Juni 2022, kaka yake mkubwa alisimama pale makaburini Ujiji akatangaza kama ilivyo ada: mwenye kumdai marehemu ajitokeze, deni sasa ni la nyumbani. Mshona nguo mmoja alisema anadai elfu tano, na hapo hapo akasema amesamehe. Kisha akanyanyuka mzee mmoja mrefu, fundi mitumbwi wa Kibirizi, mikono imejaa makovu ya tezo. "Mimi namdai picha," alisema. "Nililipa elfu tatu."

Kaka mtu akaingiza mkono mfukoni. Mzee akamzuia. "Pesa nimesamehe. Picha bado. Ni picha yangu na mama watoto, na mama watoto tumemzika Ramadhani hii iliyopita."

Watu walinyamaza. Mimi niliinamisha kichwa, maana nilijua picha hiyo iko wapi. Ilikuwa ndani ya mkanda wa kamera ambao haujasafishwa, yaani haujatiwa dawa ya kutokeza picha, kwenye droo ya duka langu. Nikanyoosha mkono, udongo wa kaburi bado mbichi, nikasema, "Mzee, deni hilo nalibeba mimi. Ndani ya mwezi mmoja utapata picha yako."

Ule mwezi mmoja ukawa mwaka na nusu. Katika muda huo niliharibu vitu ambavyo haviwezi kurudi. Naandika kwa ajili ya kijana yeyote aliyerithi kamera ya mkanda na ana hamu ya kuitumia, na zaidi kwa yule mwenye mkanda wa marehemu ndani ya kabati, ambaye kesho atataka kuupeleka mahali ukasafishwe. Tafadhali nisome kwanza.

Jina la rafiki yangu nawaachia wanawe. Mimi nilimwita Swahiba naye aliniita Swahiba tangu tulipokaa dawati moja darasa la tano, na hata mkewe akinipigia simu alikuwa akisema, "Shemeji, Swahiba wako hajarudi." Nina duka la steshenari mtaa wa Mwanga, hapa Kigoma mjini: fotokopi, kuchapa barua, picha za pasipoti. Yeye alikuwa mpiga picha wa mguu. Harusi, maulidi, mahafali, kote alikuwepo, begi begani, shati kifungo cha juu hakifungwi.

Mwaka 2019 mjomba wake aliyekuwa na studio Ujiji zamani, ile ya pazia lililochorwa ndege na ngazi, alifariki na kumwachia kamera ya Zenit. Ni kamera ya Kisovieti, nzito kama tofali, haitaki betri. Kipimo chake cha mwanga kilishakufa. Ndani ya lenzi kulikuwa na kuvu kama utando wa buibui, kwa sababu ilikaa miaka kwenye mfuko wake wa ngozi, na ngozi hunyonya unyevu. Ukirithi kamera, itoe kwenye mfuko wa ngozi siku hiyo hiyo. Iweke kwenye ndoo yenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya chengachenga vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Fundi saa wa Mwanga alitusafishia lenzi kwa elfu kumi na tano, na alama kidogo zikabaki.

Mikanda Kigoma hakuna. Tuliagiza Dar es Salaam, ikaja kwa basi: Ilford HP5, nyeusi na nyeupe, elfu arobaini mkanda mmoja wa picha 36. Yaani kila unapobonyeza umetoa zaidi ya elfu moja. Mkanda wa kwanza uliungua wote, kwa sababu baada ya picha ya mwisho tulifungua mgongo wa kamera kabla ya kuurudisha mkanda ndani ya kopo lake. Swahiba aliutazama ule utepe unaong'aa juani, akaukunja taratibu, akasema tumeshalipa ada ya shule.

Kuhusu mwanga, hatukuwa na mwalimu ila kanuni moja ya wapiga picha wa zamani: juani, weka tundu la lenzi f/16, na kasi ya kufunguka kwa kamera iwe sehemu ya sekunde iliyo karibu na namba ya mkanda. Mkanda wa 400 kama HP5 yetu unataka 1/500, na 1/500 ndiyo kasi ya mwisho ya Zenit yetu, kwa hiyo jua la saa nne asubuhi mwaloni lilikuwa linatutosha barabara. Chini ya mwembe tulifungua tundu hadi f/5.6. Ukiwa na shaka, ongeza mwanga. Mkanda huvumilia mwanga uliozidi, lakini mwanga uliopungua hakuna dawa itakayouleta baadaye, kwa kuwa pale palipokuwa giza hakuna kilichoandikwa. Na lenzi ile ya Helios ina jambo lake: unalenga, yaani unaizungusha mpaka picha iwe kali, ukiwa umeifungua tundu, halafu unazungusha pete nyingine kuifunga kabla ya kubonyeza. Usipoifunga, picha inajaa mwanga. Ukiifunga kwanza ndipo ulenge, unaona giza, na hapo unalenga kwa kubahatisha. Kosa hili la pili nitalirudia chini, kwa sababu lilinigharimu kuliko yote.

Usiku tulipanda kilimani kupiga taa za wavuvi wa dagaa. Mtu ambaye hajaziona azione: ziwa lote linakuwa mji mwingine. Tulipata giza tupu mara ya kwanza. Baadaye tukajua kwamba mkanda ukiachwa wazi kwa sekunde nyingi unachoka, haupokei mwanga kwa kasi ile ile. Ukikadiria sekunde 10, HP5 inataka kama 20. Swahiba alilipenda sana jambo hilo. Aliniambia hata macho yake yakikaa gizani yanataka muda.

Alikuwa na hadithi moja asiyochoka kuisimulia, ya meli ya Liemba. Wajerumani waliijenga kwao, Papenburg, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa hapa Kigoma. Mwaka 1916 walipoona vita inawaelemea waliizamisha wenyewe, lakini kabla ya kuizamisha walizipaka mashine grisi. Ilipoibuliwa mwaka 1924 mashine zikafaa, na 1927 ikarudi kazini. Swahiba alipokuwa anafunga mkanda uliokwisha pigwa alikuwa anaurudisha kwenye kikopo chake, anatia kipakiti cha kukausha, anazungushia nailoni na mpira, kisha ananitazama. "Grisi," anasema. Ndiyo maana aliniachia mikanda dukani, kwenye droo ya chini karibu na sakafu, mahali penye ubaridi. Kwake paa la bati lilikuwa linachemka mchana.

Kwa kuwa mkanda ni ghali, alianza kuwaomba watu wa mwaloni watangulize pesa. Elfu mbili, elfu tatu. Aliandika kila mmoja kwenye daftari dogo la kaki: namba ya picha, mtu, kiasi alichopokea. Hadi Mei 2022 mikanda miwili ilikuwa imejaa. Tulikuwa tunakusanya pesa ya kuipeleka kusafishwa. Presha ikamwangusha sokoni siku ya Jumanne, kiharusi, akalala hospitali usiku mmoja, Alhamisi tukazika.

Daftari lake nililipewa na shemeji baada ya matanga. Alikuwa na ombi lake pia. Simu ya Swahiba ilikuwa na namba ya siri ambayo hakuna aliyeijua, na nyumba nzima haikuwa na picha yake hata moja ya miaka ile. Alikuwa upande wa pili wa kamera siku zote. Binti yao alikuwa na miaka miwili. "Shemeji, kama yumo humo nitafutie," alisema. Nikakumbuka kwamba niliwahi kumpiga mara moja, Kibirizi, amesimama mbele ya mitumbwi. Kwenye daftari alikuwa ameandika: "Mkanda wa 2, na. 22: mimi, kapiga Swahiba." Juu yake: "Na. 14: Fundi na mama watoto, nimepokea 3,000."

Sasa sikia kosa. Daftari lilisema mkanda wa 1 na mkanda wa 2. Vikopo havikuandikwa kitu. Vyote viwili vilifanana kama pacha. Kalamu ya wino mzito ninauza mimi mwenyewe, shilingi elfu moja, imepangwa mita mbili kutoka ile droo, na hakuna kati yetu aliyewahi kuichukua akaandika namba kwenye kopo la mkanda.

Nilichagua mmoja kwa kubahatisha. Nilijiambia nitume mmoja kwanza, kama akiba. Wazo hilo peke yake ndilo lililoniokoa. Niliutuma kwa basi kwenye duka la picha katika mji mwingine ambalo mtu alinihakikishia bado linasafisha mikanda. Nilipiga simu kabla. Niliuliza, "Mnasafisha mikanda?" Wakasema ndiyo. Sikuuliza swali la pili, na wao hawakuniuliza. Elfu ishirini na tano pamoja na nauli ya kifurushi.

Ulirudi baada ya wiki mbili, umekatwa vipande sita sita ndani ya karatasi laini. Niliushika kwenye mwanga wa dirisha. Ulikuwa mweupe. Hauna mtu wala mtumbwi, unapitisha mwanga kama kioo cha dirisha lenyewe. Nikavuta kipande cha pili, cha tatu. Nikafunga duka saa sita mchana, nikakaa ndani gizani.

Walioujua ufundi huu walinieleza baadaye, na nataka kila mtu alishike neno hili. Mkanda wa rangi na mkanda wa kawaida wa nyeusi na nyeupe havisafishwi kwa dawa moja. Kwenye nyeusi na nyeupe, picha yenyewe ni chembe za madini ya fedha. Kwenye rangi, chembe hizo zinatengeneza rangi kwanza, halafu kuna dawa inayoziondoa zote, rangi ndiyo inabaki. Ukiutumbukiza HP5 kwenye mashine ya rangi, dawa ile inaondoa fedha yote, na kwa kuwa rangi haikuwepo, kinachobaki ni plastiki. Hakuna fundi duniani wa kuirudisha. Kwa hiyo uliza maswali mawili, na uandike kwa herufi kubwa juu ya kopo: NYEUSI NA NYEUPE. Na mkanda ukirudi mtupu, tazama ukingoni, pale penye matundu. Kama maandishi ya kiwanda na namba zinaonekana, dawa zilifanya kazi, basi kamera ndiyo haikupiga. Kama hata ukingoni pamefutika, kama pangu palivyofutika, kosa ni la usafishaji.

Namba zikiwa zimefutika, sikuwa na njia ya kujua niliharibu mkanda wa 1 au wa 2.

Kwa muda mrefu sikukanyaga Kibirizi. Dagaa nilimtuma mtoto akaninunulie. Siku moja nilimwona yule mzee stendi ya Mwanga, nikaingia kwenye duka la vyombo nikasimama kati ya masufuria mpaka akapita. Nilikuwa na miaka thelathini na sita, baba wa watoto watatu. Usiku nilikuwa nawaza, kama picha iliyokufa ni ile ya mzee, basi mke wake amezikwa mara ya pili na mimi ndiye niliyechimba.

Mwanzoni mwa 2023 niliamua kwamba ule mkanda uliobaki hautatoka mikononi mwangu. Nitajifunza kusafisha mwenyewe, na sitaugusa mpaka niwe nimefaulu mara tatu mfululizo kwa mikanda mingine. Hapo ndipo gharama zilipoanza kweli. Tangi la kusafishia, mfuko wa giza wa kutia mikono na kipimajoto, laki moja na themanini. Mikanda minne ya kujaribia, laki moja na sitini. Nilichota pesa ya kodi ya fremu bila kumwambia mke wangu, naye aliligundua hilo mwenye fremu alipokuja. Afadhali ningemwambia. Alilia kwa sababu ya kufichwa, na nilipomsimulia habari ya mzee na mama watoto aliniuliza kwa nini nilibeba peke yangu.

Wazo la kusafishia kwa kahawa lilikuwa la Swahiba. Alilisoma mahali na kulicheka kwa furaha, kwamba kahawa ya kopo kutoka Bukoba inaweza kutoa picha. Ni kweli inaweza. Kinachofanya kazi si kile kinachokukosesha usingizi, ni asidi fulani iliyomo kwenye kahawa, ikisaidiwa na vitamini C, ndani ya maji yenye magadi makali. Vipimo vinavyojulikana kwa lita moja ni gramu 54 za magadi safi yaliyokauka, gramu 16 za vitamini C na gramu 40 za kahawa ya unga ya kuyeyuka, dakika 15 kwa maji ya nyuzi 20. Tumia Africafé au kahawa yoyote ya bei nafuu inayoyeyuka.

Jaribio la kwanza nilitumia magadi ya sokoni kama yalivyo. Picha zilitoka hafifu, kama mtu anayeonekana kupitia chandarua. Sababu ni kwamba magadi ya mawe yamechanganyika, sehemu yake si kali ya kutosha. Dawa yake ni kuyatwanga, kuyachekecha na kuyakaanga makavu juu ya mkaa, ukiyageuza, mpaka yaache kutoa mvuke na yawe unga mweupe mkavu. Tumia kikaango cha chuma. Magadi yakikutana na maji yanakula sufuria ya alumini. Funika pua na mdomo, unga ule unachoma kooni. Yakipoa ndipo uyapime, kisha uyayeyushe na kuyachuja kwa kitambaa, maana mchanga haukosekani.

Vitamini C nilinunua vidonge vya duka la dawa, vile vya kutafuna vya machungwa. Vidonge 32 vya miligramu 500 ndiyo gramu 16. Niliponda usiku kucha. Vina sukari na unga wa kushikilia, dawa ikawa tope, na mkanda ukatoka na madoa. Agiza unga mtupu. Jaribio la tatu picha zilionekana lakini zimefunikwa na ukungu wa kijivu kila mahali. Hapo nikaongeza gramu 10 za chumvi ya mezani yenye madini joto kwa kila lita, na ukungu ukapungua sana. Harufu ya mchanganyiko huo inakaa ndani ya nyumba siku mbili. Fanyia nje, kwenye baraza, tangi likishafungwa mwanga hauingii.

Kilichonisumbua kuliko yote ni joto. Vitabu vyote vinasema nyuzi 20. Maji ya bomba hapa kwetu yanatoka na nyuzi 26, siku nyingine 27, na kila nyuzi moja inayopanda inaharakisha dawa kwa kiasi cha sehemu moja ya kumi. Nilikuwa nanunua barafu za mifuko kwa mama muuza juisi, naweka vyombo vya dawa ndani ya beseni, nakaa na kipimajoto kama nesi. Usiitie barafu ndani ya dawa yenyewe, inaipunguza nguvu. Kwa kahawa, nilikuja kutulia kwenye nyuzi 24 na dakika 10.

Chumvi ya Uvinza nayo niliijaribu. Picha ikishatokezwa lazima igandishwe kwa fiksa, la sivyo mwanga utaendelea kuila. Mwingereza Talbot, mmoja wa walioanzisha ufundi huu, aligandisha picha zake za mwanzo kwa chumvi ya kawaida, mpaka mwenzake Herschel alipomwonyesha mwaka 1839 dawa ya fiksa iitwayo "hypo". Nikasema, kama yeye aliweza, nami nina chumvi ya nyumbani. Gramu 300 kwa lita, mkanda ukalala humo saa 24. Ulitoka na rangi ya maziwa, na wiki iliyofuata ulikuwa umeanza kuwa mweusi. Sijutii kujaribu, ila fiksa nunua ya kweli. Kabla ya kila kazi, kata kipande kidogo cha ncha ya mkanda, kitumbukize kwenye fiksa, hesabu kinachukua muda gani kuwa angavu, kisha gandisha mkanda wako kwa mara mbili ya muda huo.

Ilipofika Oktoba 2023 nilikuwa nimefaulu kwa kahawa mara mbili, na mara moja nimepata picha za watoto wangu nzuri hata nikalia kwamba Swahiba hakuziona. Nilitamani mkanda wake niusafishe kwa kahawa, kwa kuwa lilikuwa wazo lake. Nilikaa na tamaa hiyo wiki nzima. Mwishowe nilimuuliza mke wangu, naye akajibu kwa swali: "Ungekuwa umeombwa kumtibu mtoto wa mtu, ungemjaribia dawa?" Nikaagiza D-76, dawa ya kiwanda ya kutokeza picha, na fiksa ya kiwanda, elfu tisini na tano, pesa ambayo safari hii aliijua. Nikachoma mkanda mmoja zaidi kwa D-76, ukatoka safi.

Novemba, Ijumaa baada ya Isha. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, na nilishukuru. Nilikuwa na mfuko wa giza lakini nilizima hata simu. Mikono ikiwa ndani ya mfuko, nilifungua kopo kwa kidole gumba. Mkanda ulitoka na mkunjo ule wa kukaa koponi miezi ishirini, mgumu, unataka kurudi alikotoka. Ulikataa kuingia kwenye gurudumu la tangi mara nne. Jasho lilikuwa linanitoka mpaka viwiko, na jasho ni adui, likigusa mkanda unanata. Niliulaza mkanda ndani ya tangi, nikafunga mfuniko kwanza, ndipo nikatoa mikono, nikaikausha kwa kanga, nikaswali rakaa mbili, nikarudi. Ukaingia.

D-76 nusu kwa nusu na maji, nyuzi 20 kamili, dakika 11. Juu yake niliongeza dakika moja kwa kuwa picha iliyokaa muda mrefu kwenye joto bila kusafishwa hufifia. Tikisa sekunde kumi kila dakika, gonga tangi mezani viputo vitoke. Mke wangu alishika tochi na saa. Fiksa dakika kumi. Nilipofungua mfuniko sikuutazama mkanda, nilimpa yeye.

"Kuna watu," alisema.

Nilihesabu kwa kucha ukingoni. Kumi na mbili, kumi na tatu. Kumi na nne ilikuwa na watu wawili juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Kwenye negativu kila kitu ni kinyume, penye mwanga ni peusi na kivuli ni cheupe, lakini mkono wa mwanamke ulikuwa wazi kabisa: ameshika ncha ya kanga, ameipeleka mdomoni, anacheka na hataki meno yaonekane. Ulikuwa mkanda wa 2.

Maji ya mwisho tumia ya chupa au yaliyochemshwa na kuchujwa, na tone moja la sabuni ya vyombo. Ya bomba yaliniachia madoa meupe kwenye majaribio yote. Uning'inize bafuni, mahali pasipo vumbi, na usiufute kwa kidole. Kwa kuhamishia kwenye simu nililaza mkanda juu ya kioo kilichoinuliwa sentimita tano kutoka kwenye skrini nyeupe ya tableti, kwani ukiulaza moja kwa moja vitone vya skrini vinatokea kwenye picha.

Namba 22 ndiyo ile niliyoipiga mimi. Nilikuwa nimefunga tundu kwanza ndipo nikalenga, na nililenga kwa kubahatisha. Mitumbwi ya nyuma inasomeka hadi majina ubavuni. Swahiba amesimama mbele yake, ukungu. Unaona umbo, begi, kichwa kilichoinama upande wa kushoto kama alivyokuwa anasikiliza. Macho hayaonekani. Nilikaa na picha hiyo siku tisa kabla ya kuipeleka Ujiji.

Shemeji aliishika kwa mikono miwili. Nilianza kuomba radhi, nikaeleza habari ya pete na tundu. Hakuwa ananisikiliza. Alisogeza picha karibu na mlango penye mwanga. "Kifungo hiki," alisema, akagusa pale shingoni penye doa jeupe. "Nilikuwa namwambia kila siku nikishone." Kisha akamwita mtoto, akamkalisha pajani, wakaitazama pamoja.

Kwa mzee nilikwenda Januari 2024, saa mbili asubuhi. Alikuwa anatia kalafati kwenye mtumbwi mpya. Nilimwamkia, nikampa bahasha, nikamwambia ukweli wote wa ule mkanda mwingine na kwa nini nilimkimbia. Alifuta mikono kwenye suruali, hakuridhika, akaenda ziwani akaiosha, akaikausha. Aliitoa picha akiishika pembeni. Alinyamaza muda mrefu sana. Akasema, "Alikuwa hataki meno yaonekane." Akaniuliza kama kuna nyingine, nikampa nakala mbili zaidi nilizochapa kwa elfu moja na mia tano kila moja, kwa ajili ya watoto wake. Alipoziweka ndani ya shati alinishika bega. "Sasa simdai."

Kwenye mkanda wa 1, ule uliokufa, daftari lilikuwa na watu saba waliotanguliza pesa. Niliwatafuta mmoja mmoja. Muuza mawese alipokea elfu mbili yake akamwombea marehemu. Baba mmoja alikataa pesa, akanipeleka kwa mtoto wake tukampiga upya, ingawa picha ya kwanza alikuwa mchanga na sasa anakimbia. Wawili hawakuniamini na walikuwa na haki. Kazi hiyo ilisimama ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka huo. Mwalo ukawa mtupu, wavuvi wakatawanyika mashambani na kwa ndugu, na wengine sijawaona hadi leo.

Kwenye mkanda wa 2 nimebakiza bahasha moja. "Na. 19: kijana wa Katonga, 2,000." Ameshika mgebuka mkubwa kwa mkia, kofia imerudi nyuma, amekunja jicho moja kwa jua. Nimeulizia Katonga mara tatu. Bahasha iko dukani kwangu Mwanga, droo ya chini, ndani ya nailoni, na safari hii nimeiandika namba kwa kalamu ya wino mzito.